Albamu Isiyomtaja Mtu

Kila wimbo wa Hawah ulikuwa na godoro ndani yake. Aliimba juu ya mchumba aliyevuka mpaka asirudi, na kabla ya kiitikio ngoma ilinyamaza, akatamka, "Wahabu wa magodoro!" kisha akaendelea kulia. Aliimba juu ya mvua, juu ya mama mkwe, juu ya subira. Ngoma ikanyamaza, Wahabu akatajwa, ngoma ikarudi. Watoto wa mtaa wa Oli, mjini Arua, walipoigiza kuwa Hawah walishika mwiko mdomoni na kuanza na godoro moja kwa moja, maana ndilo neno walilolijua bila kukosea.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa pale pale Oli, karibu na mto, katika nyumba ya Wanubi. Mama yake, Aminah, alisuka makawa ya kufunikia chakula, mekundu na ya zambarau, na baba yake, Ramathan, aliendesha lori la mizigo kati ya Arua na Koboko. Sauti aliirithi kwa mama. Aminah alikuwa mwanzishaji wa nyimbo za harusi mtaani, na mtoto alizisikia zote akiwa amekaa kwenye mkeka kati ya ukili na sindano. Alipokua akaanza kuimba kwa spika, na hapo akakutana na desturi ya wanamuziki wa mji: anayetaka kutajwa katika wimbo hutoa kitu. Mwanzoni kitu hicho kilikuwa mfuko wa sukari. Baadaye kikawa kitambaa cha gauni. Baadaye akaja Hajji Wahabu, mwenye duka la magodoro, na wengine wote wakakosa nafasi.

Hajji hakuwa mtu mbaya. Alisali, alifuturisha majirani, hakumpunja mteja. Ila alipenda kusikia jina lake kama mtoto anavyopenda kulamba kijiko cha asali, na hakuna aliyewahi kumnyang'anya kijiko. Sifa ni kama pilipili. Ikizidi, mtu haonji tena chakula, anatokwa tu na machozi. Hajji alitokwa na machozi ya furaha. Alimlipia Hawah mabango, akamnunulia magauni, akavika studio ya mtaa wa Awindiri magodoro ukutani, kuanzia sakafuni hadi darini, ili sauti isitoroke. Kwa hiyo hata alipokuwa anaimba peke yake, Hawah aliimba akiwa amezungukwa na Hajji.

Kisha Ramathan akafariki. Hawah alimtungia baba yake wimbo mzuri kuliko zote alizowahi kutunga. "Lala, baba, safari imekwisha," aliimba, na ngoma ikanyamaza kama kawaida, na jina likatajwa kama kawaida, kwa sababu mapatano ni mapatano. Wimbo ulipopigwa redioni mji mzima ukacheka. Vijana wa bodaboda wakaulizana kama marehemu alitandikiwa godoro la inchi nne au sita. Aminah alikuwa anasuka. Aliweka sindano chini, akazima redio.

"Baba yako amelala udongoni kama Waislamu wote," alisema. "Hajji amemuuzia nini?"

Asubuhi yake Hawah alijifunga mtandio, akaenda dukani kwa Hajji, akamwamkia kwa adabu, akamweleza kwamba albamu ijayo itakuwa yake mwenyewe: maneno yake, midundo anayoitaka yeye, na haitamtaja mtu yeyote. Hajji alicheka, akaagiza chai. Chai ilipofika akagundua kwamba msichana hatanii.

"Binti yangu," alisema, "wimbo bila jina iko kama duka bila kibao. Watu watajua aje iko ya nani?"

"Yangu, Hajji."

Hajji alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Mwisho wakakubaliana, na Aminah akaitwa awe shahidi. Uzinduzi wa albamu ukifana, Hawah yuko huru na Hajji hatamdai kitu. Ukidoda, atarudi kumtaja Hajji, tena mara mbili katika kila wimbo, pamoja na mito ya kulalia. Wiki ile ile lori la Hajji likaenda Awindiri likavua kuta za studio, na mwenye studio akabaki anatazama matofali.

Mwenye studio alikuwa Andama, prodyuza mwembamba asiyemaliza chakula wala sentensi. Alikuwa ametengeneza nyimbo zote za Hawah tangu mwanzo. Sasa katika chumba kile kitupu sauti iliruka kama mpira. Hawah akiimba "njoo," ukuta ulijibu "njoo, njoo," kama wachumba watatu. Aminah akaleta mikeka yote ya nyumba. Haikutosha. Akaleta makawa, wakayatundika ukutani kama ngao za jeshi la rangi. Bado. Ndipo Stella Kiden, rafiki ya Aminah, mama aliyekimbia vita vya Sudan Kusini na sasa ana ghala la samaki wakavu Koboko, akatuma magunia yake. Magunia yalimeza mwangwi wote. Ila yalinuka. Wimbo wa pili Hawah aliuimba akiwa amebana pua kwa vidole viwili, na mtangazaji mmoja alipousikia baadaye alisifu "sauti mpya, yenye siri."

Walicheka mpaka Andama akaanguka kitini. Jogoo wa jirani akawika katikati ya wimbo wa tano, wakamwacha, kwa kuwa aliwika mahali pake. Hawah alichukua mwendo wa nyimbo za harusi za mama yake, akauweka juu ya gitaa la Kikongo, akaimba Kinubi pale alipotaka na Kiswahili pale alipotaka, na hakuna aliyemwambia kwamba wateja hawataelewa. Mtu aliyezoea kuomba ruhusa hulewa siku anapoacha kuomba, na ulevi wa namna hiyo si haramu. Hawah alitembea Awindiri akijiimbia barabarani. Alisalimia mbuzi.

Katika ulevi huo kulikuwa na jambo moja hawakuliona. Kwa miaka yote Andama alijenga nyimbo kwa njia moja: kabla ya kila kiitikio ngoma hukatwa, mapigo manne ya kimya, jina liingie. Mkono wake ulikwisha kuzoea. Katika nyimbo nane za albamu mpya, mkono ule ulikata ngoma kabla ya kila kiitikio bila kumuuliza Andama. Na Hawah, ambaye mapafu yake nayo yalizoea, alitumia kimya kile kuvuta pumzi na kukiona ni kitamu. Majina waliyatoa. Mahali pa jina walipaacha wazi kabisa.

Kumbi za Arua zilikuwa na shughuli ghafla, kila moja. Uzinduzi ukafanyika Koboko, katika ua mkubwa wa Stella Kiden nyuma ya ghala, Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Walikuja wachuuzi waliofunga meza mapema, vijana wa bodaboda, madereva waliomjua Ramathan, kina mama wa Sudan Kusini wenye watoto mgongoni, na Concy muuza karanga, ambaye hakuja kusikiliza muziki ila alijua kwamba palipo na watu pana meno. Hajji Wahabu alikuja na kanzu nyeupe, akakaa mstari wa mbele karibu na Aminah. Hawah alitokea na gauni lililofika miguuni, jambo ambalo wanamuziki wa siku hizi hulidhani ni ugonjwa, na watu wakamshangilia.

Andama akawasha muziki. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri sana. Mabega yakaanza kucheza. Hawah akapanda na sauti, akapanda, akafika kwenye mlango wa kiitikio, na ngoma ikanyamaza.

Ua wote ukanyamaza nao. Watu walingoja. Walikwisha kufundishwa kungoja mahali hapo. Kimya kilikaa wazi kama pengo la jino kwa bibi harusi, na Hawah, kinywa wazi, alielewa kwa mara ya kwanza alichokuwa ameimba. Ngoma ikarudi. Mtu akacheka nyuma. Andama alishika kichwa chake kwa mikono miwili, lakini ngoma iliyorekodiwa haisikii maombi.

Hajji aliinama mbele, uso umejaa huruma.

"Pengo ile iko yangu, binti yangu," alisema. "Uliniachia nafasi."

Hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa ameondoa godoro na kuacha kitanda. Alimwona mama yake amekaa wima, mikono mapajani. Ubeti wa pili ulikuwa unakwisha na pengo la pili linakuja. Angeweza kutamka neno moja, watu wangeshangilia, na wote wangerudi nyumbani wakijua mambo yako mahali pake. Hawah alifumba midomo. Ngoma ikanyamaza.

"Concy wa karanga!"

Ilitoka nyuma kabisa, sauti iliyozoea kushindana na malori. Concy mwenyewe alishtuka. Baadaye alieleza kwamba aliona kimya kinaharibika bure, na yeye hawezi kutazama kitu kikiharibika. Ua ulilipuka kwa kicheko, na kicheko kikaangukia juu ya kiitikio, na kiitikio kikabebwa na kicheko, na Hawah naye akawa anaimba huku anacheka, jambo ambalo halifundishwi popote.

Pengo la tatu, wakaita watano. Dereva mmoja alitaja lori lake. Kijana wa bodaboda alimtaja msichana ambaye, kumbe, alikuwa amesimama nyuma yake na ndugu zake. Wimbo wa pili watu wakaanza kupanga foleni ya kupiga kelele, foleni ikavunjika, wakapiga wote. Stella Kiden, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ukali wa mizani, aliruka juu ya gunia akaita majina ya dada zake waliobaki Yei, ng'ambo ya mpaka, moja kwa kila pengo, na alipomaliza dada akaingia kwa shangazi. Mtoto mmoja aliita mbuzi. Wimbo wa tano jogoo wa Awindiri akawika kutoka kwenye spika, majogoo wa Koboko wakamjibu, na hapo hata Andama alicheza.

Wimbo wa sita ulikuwa ule wa baba, umerudiwa upya. Hawah hakuwaeleza kitu. Alianza tu, taratibu, "Lala, baba," na wale madereva wakavua kofia. Ngoma iliponyamaza hakuna aliyepiga kelele. Watu walisikia jinsi wimbo ulivyotaka.

"Ramathan," alisema Aminah.

Hakuita. Alilisema kama mtu anayemkumbusha mumewe kitu mlangoni. Mwanzishaji wa nyimbo hachelewi wala hawahi. Jina lilikaa katikati ya kimya, likatoshea, na ngoma ikalipokea. Hawah akaendelea kuimba, na safari hii machozi hayakuwa ya kazi.

Ilipofika wimbo wa saba Hajji Wahabu hakuweza kutulia. Kila mtu alikuwa amesikika ndani ya ua ule, hata mbuzi, isipokuwa yeye. Alimnyooshea Hawah mkono, akamwita karibu na jukwaa.

"Binti, sema unataka nini nitajwe. Nirudishe magodoro? Niongeze mazulia?"

"Hapa hakuna bei, Hajji," Hawah akamjibu, akiwa ameinama kwa heshima na kipaza sauti kikiwa wazi, hivyo Koboko yote ikasikia. "Piga kelele kama wenzako."

Hajji alisimama. Alipanda juu ya kiti chake, akashika kofia yake. Pengo likaja, akapumua, akafungua kinywa, na "Wahabu!" yake ikaanguka juu ya ngoma iliyokwisha kurudi. Maskini, alikuwa ametajwa miaka mingi hivyo na hakuwahi kujifunza pigo. Watu walicheka, na Concy akampigia makofi ya kumhesabia mapigo. Pengo lililofuata aliwahi mno, akajitaja katikati ya neno "subira." Aminah, ambaye hakuweza kuvumilia mtu anayeharibu wimbo, awe rafiki au adui, akamvuta kanzu.

"Ngoja nikuguse, Hajji. Nikikugusa, ita."

Wimbo wa nane, Aminah akamgusa. Hajji akaita. Alikuwa ndani ya pigo sawasawa, bila kuchelewa, bila magodoro, Wahabu mtupu. Lakini wakati huo huo waliita Concy na Stella Kiden na madereva na kina mama na watoto wote, na jina lake likapotea katika majina ya Koboko kama tone mtoni. Hakuna aliyelisikia ila yeye.

Kofia ilikuwa imeanguka. Hakuiokota. Alibaki juu ya kiti, anatoka jasho, anamtazama Aminah ili amguse tena.