Mzee Jones Alivyoninyima Jina Lake

Nakumbuka Jumanne moja ya baridi kali kule Malvern, mashariki mwa Toronto, nilimwomba mzee mmoja jina lake naye akaninyima. Ndiyo, mwanangu, jina. Watu huomba chumvi, huomba kuazima koti, mimi niliomba jina la ukoo. Na kwa kuninyima kwake namshukuru mpaka leo, ndiyo maana nimekaa hapa kukuandikia wewe unayefikiria kumbadilishia mtoto jina.

Wakati huo nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko sasa, ingawa wanaonifahamu watabisha. Nilifika Canada mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikiwa na binti yangu mmoja, Sekela. Baba yake, Ambakisye Mwakalinga, Mnyakyusa wa Tukuyu, alifariki mtoto akiwa hajaanza hata shule. Mimi ni mtu wa Dodoma, na ndugu za mume wangu nilikuwa nawajua kwa kukutana nao misibani na harusini tu. Tulipohama, namba za simu zikabadilika, huyu akahamia Zambia, yule akafa, nikajikuta sina hata mmoja wa kumpigia. Kwa hiyo Sekela hakubaki na kitu cha kwao isipokuwa jina.

Na jina lenyewe lilikuwa linamtesa. Mwalimu akifika kwake kwenye kuita majina alisita, akakohoa, mwisho akasema "Sekela M" na kuendelea na wengine. Watoto wenzake wakaligeuza wimbo wa kumkejeli. Siku moja alirudi nyumbani, akatupa begi sakafuni, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anataka jina kama la watu wengine. Kiswahili alikisikia chote, ila kukijibu alikuwa hataki. Tulikuwa tunakaribia kuapa uraia, na wenzangu kanisani walinishauri kwamba huo ndio wakati mzuri wa kubadilisha, kwa sababu mtoto atakua, ataomba kazi, na watu wenye majina kama yetu hawapigiwi simu. Maneno hayo yaliniingia sana. Mama akishaambiwa kwamba jambo fulani litamrahisishia mtoto maisha, nani atamzuia? Nikaamua nitalibadilisha, kilichobaki ni kuchagua.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi za Jumanne nilikuwa kwa Mzee Jones, mgane mwenye magoti mabovu na maneno mengi, fundi umeme mstaafu. Nilimsaidia kuoga, nikampikia uji wake wa shayiri, nikampangia dawa. Meza yake ya chakula haikuwa na nafasi hata ya kikombe, maana ilijaa karatasi na ramani za Wales, nchi ya baba yake iliyo ubavuni mwa Uingereza. Alikuwa anamtafuta babu yake. Alikuwa amemtafuta tangu kabla hajastaafu, na mimi moyoni nilidhani ni uzee tu, mtu anatafuta cha kujishughulisha nacho.

Basi siku hiyo, nikiwa namwekea uji, nikamwambia nusu kwa utani, "Mzee, jina lako ni jepesi na linajulikana dunia nzima. Nataka kumpa binti yangu. Sekela Jones. Utanikatalia?"

Nilitegemea acheke. Akaweka kijiko chini.

"Nakukatalia," akasema. "Kaa, Tabitha."

"Bado sijapanga dawa."

"Dawa zitangoja. Kaa."

Nikakaa. Nakuandikia kwa Kiswahili, lakini yeye alisema kwa Kiingereza chake kile, kinachopanda na kushuka utadhani mtu anaimba. Akaniambia kwamba zamani wakulima na wachungaji wa kwao hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa na jina lake, kisha akatajwa kwa jina la baba yake. Ukiwa Huw na baba yako ni John, wewe ni Huw wa John. Mwanao Rhys anakuwa Rhys wa Huw, na mjukuu ana la kwake. Kila kizazi kilimtaja baba na kuendelea.

Nikacheka. Nikamwambia hata kwetu ndivyo wengi wetu tulivyo. Mimi ni Tabitha Elieza kwa sababu baba yangu ni Elieza, na baba yangu ni Elieza Samweli kwa sababu babu ni Samweli. Na kwa wakwe zangu, ile Mwa ya mwanzo maana yake ni mtu wa uzao wa fulani.

"Basi unaelewa vizuri kuliko jirani zangu," akasema, "na ndiyo maana unanikasirisha."

Akaendelea. Wakaja makarani wa Kiingereza, wakataka kila nyumba iwe na jina moja lisilobadilika, lifae mahakamani na kwenye kodi. Mambo hayo hayakufika siku moja, yalianza kwa matajiri yakashuka polepole mpaka kwa wanyonge. Na kwa kuwa kanisani majina ya ubatizo yalikuwa machache, na John alikuwa kila nyumba, watu chungu nzima wasio na undugu wowote wakajikuta wote ni Jones, yaani wa John. Kijiji kizima Jones. Wenyewe ikabidi watofautishane kwa kazi zao: Jones Mkate, Jones Posta, Jones Maziwa. Nikamwambia hilo pia nalijua, kwetu tuna Mama Maandazi na Juma Baiskeli. Hapo akatabasamu kidogo, nami nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Akaniambia jina hilo lilivyosafiri. Vijana walilibeba wakaenda nalo kwenye migodi ya makaa ya mawe, kwenye miji ya Waingereza, kwenye meli, Marekani, Canada. Nikamuuliza kuhusu Bi Jones, Mjamaika anayekaa ghorofa ya chini yetu, ambaye siku zote nilimtania kwamba ni ndugu wa Mzee Jones.

"Babu zake walikuwa watumwa, nalo walipewa na mtu aliyejiita mwenye mali," akasema. "Sisi tuliandikiwa na karani, wao waliandikiwa na bwana wao. Jina ni hilohilo, lakini usiseme tumelipata kwa njia moja."

Kisha akanieleza jambo ambalo hata sasa nalikumbuka. Babu yake aliitwa John Jones, alichimba mawe ya kuezekea nyumba milimani. Bibi alimleta Canada mwanawe, yaani baba wa Mzee Jones, angali mtoto, na hakuna aliyewahi kusimulia zaidi ya hapo. Bila shaka babu alikuwa na lakabu yake kijijini, lakini lakabu hazikuandikwa popote na waliozijua wamekufa. Mzee alisafiri hadi huko alipokuwa bado na magoti. Akaenda makaburini na shada la maua. Akakuta John Jones, na pembeni John Jones, na safu ya nyuma John Jones wengine, na kila mmoja angeweza kuwa ndiye. Akafungua lile shada, akaweka ua moja kila kaburi, maua yakaisha makaburi yakiwa bado yapo.

"Ulisema jina langu ni jepesi," akaniambia. "Ni kweli, na wepesi wake ndio ulionipotezea babu. Binti yako ana jina ambalo mtu akilisikia anajua aanze wapi kuuliza. Atakayemtafuta atampataje?"

"Hakuna anayemtafuta, mzee."

"Unajuaje?"

Nikainuka nimenuna. Nilimpangia dawa kwa kishindo, nikaenda kupanda basi nikimsema moyoni kwamba yeye ni mzungu, anaweza kutoa mawaidha ya majina kwa sababu simu yake itapigwa. Hilo lilikuwa na ukweli wake, na hadi leo sijalikana. Ila lile swali lilikataa kunitoka. Tukaapa uraia na jina letu lote. Nikaenda shuleni, nikakaa na mwalimu, nikamfundisha kulitamka kipande kwa kipande mpaka akaweza. Sekela alininunia kipindi kizima cha baridi.

Mzee Jones alifariki miaka michache baadaye. Babu yake hakumpata.

Ikaja siku ya Sekela kumaliza sekondari, sasa tuko miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Ukumbi ulijaa, majina yakaitwa, na lilipofika letu mwalimu akalitamka lote, taratibu, bila kukohoa. Sekela akapanda jukwaani. Tulipotoka nje, mama mmoja wa makamo, aliyekuja kumshangilia mtoto wa rafiki yake, akatukimbilia akihema.

"Samahani dada, huyu aliyeitwa Mwakalinga ni binti yako?"

"Ni wangu."

"Mwakalinga wa wapi?"

"Baba yake ni wa Tukuyu. Alikuwa."

"Baba yake nani?"

"Ambakisye."

Akanishika mkono. "Ambakisye wa mzee Anyimike?"

Nikaitikia kwa kichwa. Yule mama akakaa palepale kwenye ngazi za shule, na gauni lake zuri, akalia. Baba wa huyo mama alikuwa mdogo wake mzee Anyimike, baba mkwe wangu. Yeye na mume wangu walilelewa nyumba moja. Alikuwa akiishi Rexdale, upande wa pili wa Toronto, miaka yote hiyo, anafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, anatumia jina la mumewe, hivi kwamba hata tungesalimiana dukani tungepishana.

"Bibi yako yu hai," akamwambia Sekela. "Kila Krismasi anatuuliza mtoto wa Ambakisye alipelekwa wapi."

Binti yangu, ambaye kwa miaka alikuwa akinijibu kwa Kiingereza, akachuchumaa mbele ya yule mama, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, shangazi."

Mwanangu, sikwambii usibadilishe jina. Wapo wenye sababu zao, na Bi Jones wa ghorofa ya chini angekuwa na haki kuliko wote. Nakwambia hivi: unapotaka kumpunguzia mtoto mzigo, jiulize kwanza mzigo huo ni wa nani, maana jina la mtoto si lake peke yake wala si la mwalimu anayeshindwa kulitamka. Ni la kila aliyebaki nyumbani anayeuliza mlipo. Waachie njia ya kuwafikia. Na ukimpata mzee wa kukukatalia, hata kama si wa kabila lako wala rangi yako, nuna ukitaka, lakini msikilize.

Mungu akupe watu wa kukuita kwa jina lako zima, na akupe uhai wa kuwaitikia. Amina.