Mbuzi Walioliwa Mbele ya Kamera

Mjukuu wangu alianza kuimba akiwa ameingiza kichwa ndani ya shimo la maji. Kiangazi sisi wa Matinyani tulikuwa tunachimba maji kwenye mchanga wa mto, na yeye badala ya kuchota anapiga magoti, anainama, anaimba, ili asikie sauti ikimrudia ikiwa nene. Wanawake wamesimama nyuma yake na madebe yao, wamekasirika.

"Mtoe huyo mtoto wako ama tumzike humo!"

"Ngojeni," nawaambia. "Maji hayana miguu."

Nilikuwa najua nilicho nacho. Shule mimi niliiacha mapema, lakini masikio yangu yako sawa.

Kanisani alipewa kuongoza kwaya kabla hajafika urefu wa meza ya mhubiri. Halafu akaenda Nairobi kwa baba yake, mwanangu, asomee ukarani. Mchana akasoma ukarani, jioni akajifunza gitaa la stima. Krismasi alikuja nalo nyumbani, na kwa vile stima hatukuwa nayo, likalia kama nzi kwa chupa. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Susu, ngoja ulisikie na spika," akasema. Susu ndiyo nyanya kwetu Wakamba.

Nililisikia. Alileta bendi yake uwanjani Kitui mjini, wakapiga ile roki ya vijana kutikisa vichwa kama kuku aliyenyeshewa. Nilikaa mbele kabisa na kitambaa changu cha kanisa. Kelele ikanipita mbavuni. Halafu akafungua mdomo, na hiyo kelele yote ikatulia chini yake, yeye akaikalia kama kiti. Mama mmoja wa kanisa akaninong'oneza, "Hii si ya shetani kweli?" Nikamjibu shetani hana koo kama hilo, angekuwa nalo sisi sote tungekuwa tumemfuata zamani.

Wimbo wake ukachezwa redioni, na watu wa televisheni wakamsikia huko. Wakamweka kwa mchezo wao wa kila wiki, aigize msichana mwimbaji anayegombaniwa na wanaume. Pale sokoni mwenye duka alikuwa na televisheni ya betri ya gari. Siku ya mchezo hakuna aliyenunua sukari, watu walijaa mpaka kwa mlango, na mimi nilikuwa na kiti changu ambacho hakuna mtu alithubutu kukikalia.

Sasa, kwa huo mchezo ikafika mahali msichana anaolewa kienyeji. Mjukuu wangu akawaambia wakubwa wake, "Kwa nini tutengeneze boma la uongo na susu yangu ana la kweli?" Wakaja na gari lao limejaa mashine. Nilikuwa nimepaka nyumba udongo mpya.

Kwetu msichana haolewi kwa pete. Wa upande wa mwanamume wanaleta mbuzi wa ntheo, mbuzi wa kumfunga. Msichana anaulizwa mbele ya watu kama waliwe. Akikubali, wanachinjwa hapo nyumbani kwao, ukoo unakula, basi, huyo ni mke wa watu, hata kama ng'ombe bado hawajaletwa.

Mkubwa wa mchezo alitaka mbuzi waonyeshwe tu, halafu warudi sokoni. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mzee wangu, ambaye ndiye anasimamia mambo ya ukoo na ambaye hajawahi kukosana na nyama, akakataa.

"Hapa mbuzi haonyeshwi kama kitambaa dukani. Akiingia, ameingia."

Watu wa televisheni wakaona itapendeza zaidi. Mwigizaji aliyekuwa bwana harusi, kijana mrefu wa kutoka upande wa Kakamega, Kiswahili chake cha kitabuni, akamkabidhi shemeji yangu kamba. Shemeji akamuuliza msichana, "Tuwale?" Akainama kwa haya, akasema, "Waleni." Wakachinjwa. Wazee wa ukoo wakala, akina mama wakala, mimi nikala na kulamba vidole. Ilikuwa nyama nzuri. Tukajiona kwa televisheni tukiitafuna, na soko lote likapiga makofi.

Shida ililetwa na mapenzi. Mpiga ngoma wa bendi, kijana mtulivu wa Makueni ambaye akiongea lazima umsogelee, alikuwa anampenda mjukuu wangu, naye anampenda. Nilimwona akimbebea gitaa mvuani, yeye akalowa gitaa likabaki kavu, nikasema huyu atafaa. Akawaambia watu wake wajiandae kuleta mbuzi. Wakakataa. Walikuwa wameona mchezo, kule kwao mjini Wote. Jibu lao lilikuja fupi: hatupeleki mbuzi nyumba iliyokula mbuzi wa mwingine kwa msichana huyo huyo.

Mjukuu wangu akaja mbio kutoka Nairobi, viatu virefu mkononi.

"Babu, waambie! Ile ilikuwa kuigiza!"

"Wewe uliigiza," shemeji akamwambia. "Mimi niliigiza. Mbuzi naye aliigiza kufa?"

"Lakini babu..."

"Uliulizwa, ukasema tule. Tulikula. Watu wa Makueni hawana makosa."

Akalia kwangu jikoni. Akaniambia ataacha televisheni, ataacha hata kuimba, kama ndiyo itawatuliza watu wa yule kijana. Hapo nikakasirika kweli. Nikamwambia, "Pangusa kamasi. Mume akipatikana kwa kukatwa ulimi, wa nini? Mke akiachana na mume hapa kwetu, kinafanywa nini?"

Akafikiri. "Mbuzi wanarudishwa."

"Basi."

Nikatoa mbuzi bomani mwangu, wazuri, shemeji akakubali kusimamia, na mjukuu wangu akaenda kumleta yule mwigizaji. Kijana wa watu alikuja anacheka. Akawaona wazee wamekaa na fimbo zao, hakuna anayecheka, akanyamaza. Mkubwa wa mchezo alikuwa amemfuata, tayari anashusha mashine.

"Rudisha hizo kwa gari," shemeji akasema. "Zilishatuoza, leo hazitutaliki."

Mwigizaji akapewa kamba. Akaambiwa aseme. Akapanua kifua, akaanza, "Enyi wazee watukufu wa ukoo huu..."

"Aa-aa! Sema kama mtu. Hii si redio."

Akajikuna kichwa. Akasema polepole, "Nimepokea mbuzi. Hapa sina mke."

"Sema tena, wa Makueni wasikie." Maana tulikuwa tumemwita mjomba wa yule mpiga ngoma awe shahidi, mzee mkavu aliyekaa peke yake na chai yake hajaigusa.

"Sina mke hapa!"

Yule mjomba akachukua kikombe, akanywa. Nikajua tumepona. Mjukuu wangu akakaa chini palepale kwa vumbi na nguo yake nzuri, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa hawa nitawapeleka wapi?" mwigizaji akauliza, kamba mkononi. "Mimi ninakaa ghorofa ya tatu!"

"Ni wako," shemeji akamwambia. "Nenda uwaigizie."

Mbuzi waliondoka na gari la televisheni, vichwa nje ya dirisha, wanalia.

Baada ya mavuno watu wa Makueni wakaja na mbuzi wao, na akina mama wao wakiimba kutoka barabarani. Kabla ya kuchinja, mama ya yule kijana akanivuta pembeni. Ni mwanamke wa maneno machache kama mwanawe.

"Nyanya, sasa si ataacha hiyo televisheni?"

"Hataacha. Na kuimba hataacha. Mwanao ndiye atampigia ngoma."

"Na wakitaka aolewe tena huko?"

"Aolewe hata na chifu," nikamwambia. "Lakini mbuzi wa huko wawe wa karatasi."

Akacheka mpaka akanishika bega. Tukarudi kwa watu pamoja. Shemeji alikuwa ameshika kisu, akamuuliza mjukuu wangu, "Tuwale?" Safari hii hakuinama. Akamtazama mpiga ngoma wake usoni, akajibu kwa ile sauti ya uwanjani, mpaka majirani ng'ambo ya mto wakasikia.