Nyangumi Aliyeruka Kabla ya Amina

Mimi si mtu wa kufundishwa mvua. Nimechuma chai Kimulot tangu nikiwa msichana, na kwetu hali ya hewa ina adabu: asubuhi ukungu, saa nne jua, saa nane mvua. Upepo ukigeuka baridi ghafla na ng'ombe wakiacha kula, funika majani yako, mvua ya mawe iko njiani. Kwa hivyo binti yangu aliponialika Iceland, anakofanya kazi ya kutunza wazee, na kunionya kwamba huko hewa hubadilika kila saa, nilicheka. Nikamwambia watu wa huko waje kwanza wanione mimi.

Mzee wangu, baba yake, hakucheka. Presha ya macho ilikuwa imemla kidogo kidogo kwa miaka minne, na wakati huo alikuwa amebaki kuona mwanga wa mlango tu. Aliwafundisha watoto Sunday school miaka mingi, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya Yona. Ilikuwa inamsumbua, samaki gani huyo wa kumbeba mtu siku tatu. Aliposikia kwamba huko watu hupanda boti kwenda kutazama nyangumi, alinishika mkono wa sweta.

"Mama, mimi sitaona kamwe kitu kama hiyo," akasema. "Uniangalilie vizuri. Ukirudi uniambie yote."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu.

Siku ya kwanza kulikuwa na ukungu bandarini. Binti yangu akataka turudi nyumbani. Nikakataa, nikamwambia ukungu huu utaondoka saa nne. Tulikaa kwenye benchi hadi saa saba, vidole vikiwa vimekufa ganzi, na ukungu ukazidi kunenepa. Boti haikutoka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikasema.

Mara ya pili boti ilitoka. Walituvalisha ovaroli nzito nyekundu, na kwa saa moja tulipata jua, mvua, jua tena, halafu upepo wa kumtoa mtu kofia. Abiria wenzangu walikuwa wamejikunyata. Mimi nilisimama mbele kabisa, kwa sababu mtu aliyechuma chai na aproni ya plastiki akiloa hadi kiunoni hatishwi na manyunyu. Tuliona ndege. Nyangumi hata mkia hatukuuona.

Usiku huo nilijiuliza kosa liko wapi, na jibu halikuchelewa. Tulikuwa tumetoka mara mbili bila maombi! Kwetu hata mtu akienda Merigi sokoni kuuza ndama, anaombewa kwanza. Nilikuwa nimetaka kuomba, lakini binti yangu alikuwa amenivuta sweta akisema, "Aki mama, huku hawaombi kwa boti."

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Kesho yake nilikuwa na ndege ya kurudi. Bahari ilikuwa tulivu, na mimi niliitazama jinsi tunavyotazama shamba la chai. Mchumaji hakodolei macho kichaka kimoja. Anayatandaza juu ya shamba lote, na chipukizi lililochomoza linajileta lenyewe. Nilitandaza macho yangu saa nzima. Hakuna kilichochomoza. Nahodha akazima injini ili tusikilize, na nikaona kiongozi wetu, msichana mmoja mwenye nywele nyeupe, anatazama saa yake.

Hapo nikasimama. Nikamwambia binti yangu awatafsirie kwamba tunaomba.

"Mama, please."

"Tafsiri."

Alitafsiri huku masikio yamemwiva. Watu wale walikuwa na heshima, siwezi kuwasema vibaya. Mzungu mmoja mzee hata alivua kofia. Nikafumba macho nikaanza. Nilimwombea nahodha, injini, serikali ya nchi ile, na wazee ambao binti yangu anawaogesha. Niliombea macho ya mzee wangu. Niliombea chai isipigwe na mvua ya mawe, na nilikuwa nimefika kwa ng'ombe wetu aliyekaribia kuzaa, pale maji yalipopasuka.

Watu walipiga kelele. Boti iliyumba. Mimi sikufumbua macho.

Mama yangu alinifundisha kwamba ukifumbua macho kabla ya amina, ombi linabaki njiani, na ombi langu lilikuwa na macho ya mtu ndani yake. Tena kwetu maombi hayakatwi kama simu. Lazima utubu, umshukuru Mungu, ndipo ufunge kwa jina la Yesu. Niliharakisha, lakini sikuruka kitu. Nyangumi aliruka mara ya pili nikiwa kwenye toba. Mara ya tatu nilikuwa kwenye shukrani, na maji yakanipiga usoni. Nikasema amina, nikafumbua macho, nikaona povu.

Wote walikuwa wanalia na kukumbatiana. Nami nikalia, ila mimi nililia kwa hasira. Nilingoja arudi. Badala yake upepo ukageuka baridi ghafla, na nikajua.

"Mwambie nahodha kuna mvua ya mawe," nikasema.

Safari hii sikukosea. Ilianguka kabla hatujamaliza kugeuza boti, na tulirudi tumejibana ndani, nisione hata bahari yenyewe.

Binti yangu alinipa simu yake. Alikuwa amerekodi kila kitu: mimi mbele na ovaroli yangu, midomo inakwenda, na nyuma yangu mnyama mkubwa kama nyumba ananing'inia hewani.

"Si unaona, mama? Utamwonyesha Baba."

Nikamwangalia. Akakumbuka, akafunika mdomo.

Kwenye ndege nilifikiria kudanganya. Ningeweza kusema niliona jicho lake, niliona kinywa, Yona angeenea na godoro lake. Nani angenipinga? Lakini mzee wangu anaijua sauti yangu ya uongo tangu tuoane, na nilijua nimerudi bila kitu nilichotumwa.

Nyumbani walinipokea na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na majirani wakajaa kunywa chai. Mzee wangu alingoja. Walipoondoka, mvua ya saa nane ikaanza kupiga mabati, akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Haya," akasema.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia sikumwona. Nikamwambia kwanza kulikuwa kimya, halafu akapumua, na ilikuwa kama mvuke unaotoka kwa boila ya kiwanda cha chai, ila karibu sana. Nikamwambia harufu yake, kabeji iliyooza na samaki. Halafu kimya tena, sekunde moja nzima, huyo akiwa juu. Halafu alivyoanguka, kama mkaratusi mkubwa ukiangushwa kwenye tope, na boti ikapanda chini ya miguu yangu. Maji yalikuwa baridi kuliko ya kisima, na chumvi ilibaki mdomoni hadi jioni.

Alikuwa ameinua kidevu, anasikiliza.

"Hukufumbua hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mpaka amina?"

"Mpaka amina. Nisamehe, mzee."

Akautafuta mkono wangu, akaupata.

"Basi tulikuwa wawili," akasema. Akaketi vizuri kwenye kiti. "Sasa rudia pole pole. Anzia pale kwa ng'ombe."