Mwaka Baba Aliponunua Nyumba

Enzi zetu kwenye kota za halmashauri, Kakamega mjini, nyumba sita ziligawana bomba moja la maji, na siasa yote ilifanyiwa pale bombani. Sisi watoto tulicheza gololi za bano na mpira wa kati hapo karibu hadi mvua ya saa tisa itufukuze, huku wazazi wakiwasema madiwani bila woga. Harufu ya sabuni ya kipande na mboga ya mrenda inayochemka hainitoki puani. Obusuma, ugali wetu, ikiungua kwenu, uliitwa kula mlango wa pili na hakuna aliyekuuliza kitu.

Hakuna aliyekuwa mwenye nyumba. Wote tulipanga, na hilo lilitufunga pamoja kuliko chama chochote kilichoandikishwa. Kodi ikipanda, baba yangu, karani wa idara ya maji, alitandaza karatasi ndefu, akaweka kifuniko cha sufuria juu yake na kuchora duara kwa penseli. Barua iliandikwa katikati. Majina yalizunguka ukingoni, ili halmashauri isijue nani alitangulia kutia sahihi ikamfukuza. "Duara haina kichwa cha kukatwa," Baba alikuwa akisemanga. Nilimwonea fahari. Mara nyingi kodi ilishuka, au angalau ile nyongeza ilisahaulika.

Kisha halmashauri ikaamua kuwauzia nyumba waliokuwa wakiishi ndani. Sharti lilikuwa moja: jina lako liwe kwenye kadi ya nyumba. Baba alikopa kwenye sako ya kazini akanunua yetu, wa kwanza katika safu nzima. Wengine walikuwa bado wanahangaika. Mama Rehema wa nyumba ya nne, mzaliwa wa Mumias aliyetupikia mahamri ya asubuhi, hakuruhusiwa hata kujaribu, kwa sababu kadi yake ilikuwa na jina la marehemu mumewe. Nyumba ikaahidiwa mtu wa nje, na Mama Rehema akaambiwa ahame kabla mwezi haujaisha.

Wiki ya kwanza Baba alipanda ua wa miiba ya kayaba. Ya pili akaweka geti, ingawa gari hatukuwa nalo. Tukija na wenzetu alikunja uso: "Watakanyaga maua." Maua yenyewe yalikuwa bado mbegu. Miaka yote alikuwa amempigia kura mwalimu mmoja mstaafu aliyewatetea wapangaji. Mwaka ule bango la mwalimu lilibanduliwa ukutani petu, likabandikwa la tajiri aliyeahidi hatimiliki na taa za barabarani. Mama alipouliza, Baba alisema, "Yule mwalimu atatuletea wachochezi." Nilikuwa darasa la saba, nikajiuliza mchochezi ni nani, maana niliyemjua alikuwa mmoja tu, yule wa kifuniko cha sufuria.

Jumapili moja Mama Rehema alibisha, amefuatana na Mzee Ingosi, fundi viatu wa nyumba ya sita. Mkononi alikuwa na karatasi yenye duara iliyopinda kidogo. Majina matano yalikuwa tayari. Aliomba jambo moja tu: aachiwe nyumba aliyolelea watoto wake.

"Asalaam aleikum, Baba Shivachi. Tumekuachia nafasi yako hapa."

"Aleikum salaam. Lakini mama, hii ni barua ya wapangaji."

"Kwani wewe ulikuwanga nani juzi?"

Mzee Ingosi akacheka. "Mwache, Mama Rehema. Huyu sasa ni mheshimiwa, ako na geti. Gari iko njiani inatoka Mombasa."

Baba hakucheka. "Mzee, mtu akipewa nyumba, amepewa. Tukianza kupinga ya mwingine, kesho watapinga yangu."

Mama Rehema alikunja karatasi polepole. "Haya, baba. Mungu akulindie."

Barua ilipelekwa na majina matano. Karani wa halmashauri, walivyotusimulia, aliuliza swali moja: mbona yule wa idara ya maji hayumo? Kisha akairudisha barua. Mama Rehema alihama Jumanne, vyombo vyake kwenye mkokoteni, karai la mahamri juu. Baba alikuwa akimwagilia kayaba maji. Hakuinua macho.

Leo kota zile zimezungukwa na kuta, na juu ya kuta kuna vipande vya chupa. Vijana wanaopanga mtaa wa Shieywe, hapa hapa mjini, hawajui hata jina la aliye mlango wa pili. Wanapigana na serikali kwa kidole gumba hadi bando iishe, halafu siku ya kura wanalala. Nawacheka, ila bado hawajapata cha kupoteza.

Mimi nilirithi nyumba ya Baba. Mwaka huu wenye nyumba tuliitwa mkutanoni kuulizwa kama mabanda wanamoishi wauza mboga, nyuma ya kuta zetu, yabomolewe; anayekubali ainue mkono. Wengi wetu tulikulia kwenye bomba lile lile. Nilingoja mtu asimame aseme hapana. Zamani angekuwepo, na angekuwa baba yangu. Nikafikiria nyumba yangu itauzika kwa bei gani mabanda yakiondoka, nikainua mkono.