Mishkaki Kabla ya Kurudi Nyumbani

Nilikuwa Athene na rafiki zangu, tunatembea kutazama magofu, kila mmoja na kijiti cha nyama mkononi. Moshi wa mafuta uliponipanda puani, nilikumbuka Maskati.

Mimi na binamu yangu tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia huko kutoka Unguja. Alitupokea shangazi yake baba, tuliyemwita bibi, mjane aliyerudi Omani zamani. Siku moja tulikwenda kuutazama mji. Sokoni tukala mishkaki barabarani, vidole vinang'aa mafuta.

"Futa mdomo," binamu yangu aliniambia mlangoni. "Bibi asijue."

Ndani, sinia ya wali ilikuwa mkekani. Bibi alikuwa amemchinja kuku wake wa mayai, na mwenyewe hajaonja kitu, anatungoja wageni wake.

"Kuleni, wanangu."

Tulimega tonge moja moja, tukashindwa kuendelea.

Alitutazama, kisha akaufunika wali. "Nnajua. Hauna nazi kama wa Unguja. Hata mimi nilipokuja haukunipita kooni."

Alasiri tulimsikia njiani, anabisha mlango baada ya mlango, akiuliza nani ana nazi.