Saumu ya Uongo Kisangani

Nilitumwa Kisangani kumtazama mwanamke na kurudi nyumbani na neno moja, ndiyo au hapana. Mdogo wangu Ramazani, anayebeba mizigo ya wasafiri kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, alikuwa ametupigia simu kwamba amepata mchumba, jina lake Marceline, na anaomba wazee waje kuposa. Hilo lingekuwa jambo la vigelegele. Ila mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu Kindu alikuwa ameshatangulia na habari nyingine: kwamba huyo Marceline, alipokuwa mtoto, alifukuzwa kwao kwa sababu ni ndoki, yaani mchawi. Na kwetu watu wanaamini kwamba mtoto huupata uchawi huo kwa kula. Mtu anampa kitumbua, mtoto anameza, basi, naye amekuwa ndoki, na siku moja atamlisha mwingine.

Mama yangu alinikalisha jikoni.

"Zaina, hapa kwangu tunakula sinia moja," akasema. "Mukono yangu itaingia kwa sinia pamoja na mukono ya ndoki? Wewe iko mwalimu, macho yako inaona. Enda, umuangalie. Lakini usikule kwake."

Nilimjibu kwamba mambo ya ndoki ni ujinga. Nafundisha darasa la tatu, na kila mwaka naandika ubaoni: njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, usiku ule nilijaza mfuko samaki wa moshi, karanga za kukaanga na maandazi makavu ya kunitosha kwenda na kurudi. Ujinga ni ujinga, lakini tumbo ni langu.

Jumatatu asubuhi, bandari ya Kindu. Nilipanda mashua ndefu ya mbao yenye injini, nikakaa juu ya magunia ya mpunga. Mto ulikuwa umejaa. Siku tatu mpaka Ubundu, na sikupata raha hata saa moja. Nikilala, namwona mwanamke nisiyemjua akininyooshea bakuli. Nikiamka, nahesabu maneno nitakayomwambia Ramazani. Jirani yangu, mama mwenye kuku sita, aliniuliza kama nina homa, maana kila nikikaa nilikuwa nasimama.

Alhamisi alfajiri, Ubundu. Hapo maporomoko yanazuia mashua, na treni ya kwenda Kisangani haikuwepo wala hakuna aliyejua itakuja lini. Nikapanda pikipiki. Njia inakata msitu, madaraja ni magogo mawili matatu, na mara nne niliteremka nikavuka kwa miguu huku nikisoma dua. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Alipoona kitambaa changu cha kichwani na kusikia natoka Kindu, akacheka.

"Eh, watu ya Kindu! Bababu zenu njo baliuza bababu zangu. Leo mimi ninakubeba tena!"

Alikuwa anatania tu. Lakini mimi nilinuna njia nzima. Nimewahi kuuza nani? Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Nilikuwa nimesikia utani huo wa misafara ya watumwa tangu utotoni, na kila mara nashangaa jinsi mtu anavyoweza kukutazama mara moja na kukubebesha dhambi za watu waliokufa kabla bibi yako hajazaliwa. Nilitengeneza majibu makali kumi, nisimpe hata moja, na tulipofika Lubunga nilikuwa bado nayatengeneza.

Lubunga, saa kumi jioni. Huo ni upande wa kushoto wa mto. Ramazani alikuwa ananisubiri kwenye mitumbwi, amenyoa vizuri, na kando yake alisimama Marceline. Nilitegemea nini, sijui. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama thelathini, vidole vimekwaruzika kwa kazi ya kutengeneza kwanga, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani. Anazitengeneza kwake Lubunga na kuziuza ng'ambo, kwenye bandari ya Makiso. Aliinama kidogo, akaupokea mfuko wangu wa chakula. Nikaunyakua upesi.

"Karibu, yaya," akasema; huko dada mkubwa huitwa yaya. "Umechoka? Nilipika. Tuvuke tu, utakula."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Maneno yalinitoka kabla sijayapima.

"Asante, lakini nimefunga. Nalipa siku zangu za Ramadhani."

Nilijiona mjanja. Siku ambazo mwanamke huacha kufunga Ramadhani huwa hazina maswali. Hakuna mdogo wako wa kiume atakayethubutu kuuliza ni ngapi zimebaki. Ramazani alitazama mto. Marceline akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Basi utafungua saa ya jua kuzama," akasema. "Nitapika tena, ikuwe ya moto."

Makiso, jioni ile. Ramazani anakaa chumba na sebule nyuma ya duka la baiskeli, mahali ambapo waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wanaleta magurudumu yao kuzibwa. Jua lilipozama Marceline aliniletea uji, lituma ya ndizi zilizopondwa, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Harufu ilinifanya nimeze mate kama mtoto. Nikanywa maji niliyochota mwenyewe, nikasema tumbo limevurugwa na pikipiki, nitakula baadaye chumbani. Chumbani nikakaa kitandani na karanga zangu. Alfajiri nikafungua dirisha, nikamwagia mabata ya jirani lituma na sombe, vyote.

Ijumaa ilikuwa ndefu kuliko mto. Nikimwambia Ramazani "Tuzungumze," anajibu "Kesho, yaya." Nikitaka kulala, mafundi wanagonga vyuma. Nilitembea mpaka posta, nikarudi, nikatembea tena mpaka bandarini, nikamwona Marceline kwa mbali akiuza kwanga kwa wasafiri. Watu walikuwa wananunua, wanacheka naye, na mimi nilikasirika bila kujua nakasirikia nani. Jioni akanipikia futari kubwa zaidi, na tambi za sukari juu yake. Alikuwa amekwenda kumwuliza jirani Mwislamu tunapenda kufungua kwa nini. Mabata yalikula tambi.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ramazani aliniambia nivae tutoke.

"Ulitumwa kumuchunguza," akasema njiani. Kumbe alijua. "Bon, usiniulize mimi. Uliza yeye mwenyewe. Leo ataongea."

Alinipeleka kwenye chumba cha kusomea karibu na bandari. Kabati za vitabu zilikuwa zimesukumwa ukutani, na katikati kulikuwa na viti viwili viwili vinavyotazamana. Mzee mmoja mstaafu, papa kama wanavyoitwa wazee huko, aliyekaa mlangoni na saa ya kengele mezani, alinieleza desturi ya pale. Siku hiyo hakiazimwi kitabu, anaazimwa mtu. Kila aliyejitolea kusomwa ana karatasi kifuani yenye jina ambalo watu humwita kwa kumdharau. Unakaa mbele yake, anakusimulia maisha yake mpaka kengele ilie, kisha mnabadilishana viti.

"Tunabadilishana kwa nini?" nikauliza.

"Mama, hapa hakuna kuchungulia na kuondoka," akasema. "Ukisoma mutu, na wewe unasomwa."

Nilipita karatasi ya MWIZI, nikapita ya KIPOFU WA KUOMBAOMBA, nikasimama mbele ya NDOKI. Aliyeivaa alikuwa Marceline.

Magoti yetu yalikaribia kugusana. Ramazani alikuwa amenidokeza kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukaa kwenye kiti kile, na kwamba nusu ya watu waliokuwa mle ndani hununua kwanga zake. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama yeye hawaogopi watu hao.

"Ninaogopa," akajibu. "Lakini munanisoma kwa midomo ya batu. Donc, nikasema, acha yaya anisome mimi mwenyewe. Nikikosa bwana na wanunuzi siku moja, basi, itakuwa mara moja."

Akanisimulia. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa. Shangazi yake akaota ndoto, na watu wakakumbuka kwamba mtoto alikuwa amepewa kitumbua na bibi kizee wa jirani. Wakamtengea sahani yake, ya bati, wakaitia alama ya rangi nyekundu ukingoni ili isichanganyike na za wengine. Alikula nyuma ya nyumba. Aliyasema haya bila kulia, akikunja na kukunjua upindo wa kitenge chake.

"Kisha banipeleka kwa nyumba moja ya maombi," akasema. "Banasema, mutoto afunge, njo ndoki itatoka. Siku tatu. Bila kula, bila maji. Nilikuwa ninalamba ukuta asubuhi, sababu ulikuwa na umande. Siku ya tatu nikasema, ndiyo, mimi iko ndoki. Nikasema nilikula mama. Sababu ya kikombe ya maji, yaya."

Alitoroka, akaokotwa na mjane wa Lubunga aliyekuwa anatengeneza kwanga, naye ndiye aliyemlea na kumfundisha kazi.

"Tangu siku ile," akamalizia, "mutu akiniambia amefunga, hata kama ni dini yake, hata kama ni kwa kupenda, mimi lazima nimupikie. Siwezi kulala nikijua iko na njaa."

Kengele ikalia.

Wasomaji wangu, nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kuanguka mbele ya darasa, nimewahi kuitwa na mkuu wa shule. Lakini aibu ya asubuhi ile sikuijua kabla. Yeye walimfungisha kwa uongo mpaka akasema uongo ili anywe maji, na mimi, mtu mzima mwenye chaki, nilikuwa nimejifungisha kwa uongo ili nisiguse mkono wake.

Tukabadilishana viti. Papa akanipa karatasi na kalamu, niandike jina langu la kudharauliwa. Nilikuwa nimepanga kuandika MJUKUU WA WAUZA WATU, na kusimulia pikipiki ya Ubundu, nihurumiwe na mimi. Mkono ulikataa. Nikaandika MWONGO, nikaibandika kifuani.

"Marceline," nikasema, "mimi sikufunga. Hata siku moja. Niliogopa chakula yako."

Akatazama chini. Nikangoja aniinukie, anitukane, aondoke zake. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipomtazama vizuri nikaona anacheka.

"Nilijua, yaya."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi. Nilikuja kuchukua sahani, mabata yote ya uwanja ilikuwa imejipanga kwa dirisha yako. Moja iko na sombe kwa mudomo."

"Na jioni ukapika tena?"

"Labda ungesikia njaa," akasema, na sasa ndipo machozi yalipomtoka.

Mimi nililia kwa sauti mpaka papa akasahau kutega saa yake. Kisha nikamwuliza kama ana kitu cha kula pale pale. Alikuwa na kwanga moja ndani ya beseni. Akaifungua majani, akaishika bila kunipa, akinitazama usoni. Nikaikata mwenyewe mkononi mwake, nikala. Nilikula yote, na nakiri kwamba hofu haikutoka kabla ya tonge la tatu. Nyuma yangu mama mmoja mnunuzi wake aliinuka akaenda zake bila kuaga. Mwingine alivuta kiti akakaa mbele ya karatasi ya NDOKI, akasubiri zamu.

Jumapili, Lubunga tena. Marceline alikuwa ameamka mapema kunifungia kwanga nne.

"Ikifungwa hivi inakaa wiki," akasema. "Kama nyumbani bataitupa, usiniambie."

Safari ya kurudi inapanda mto, kwa hiyo ni ndefu zaidi. Msituni nilimjibu dereva yule yule wa pikipiki kabla hajaanza: nilimsimulia baba yangu na cherehani yake, naye akanisimulia babu yake mvuvi, na tulifika Ubundu tukiwa bado tunaongea. Kwenye mashua sikulala. Sasa nilikuwa naogopa kwetu kuliko nilivyowahi kuogopa Kisangani. Kila saa nilikuwa naligusa fungu la majani, kuona kama limelegea.

Kindu, Ijumaa baada ya swala. Walikuwa wamekusanyika sebuleni: Mama, mjomba wetu Tonton Saleh ambaye ndiye anayepaswa kupeleka posa, na shangazi wawili. Niliwaeleza yote, mabata pia. Nilichojifunza ni kidogo, nikawaambia: nilikwenda kumchunguza mtu na macho yangu hayakuona kitu mpaka yeye aliponichunguza mimi. Hakuna aliyecheka.

"Tuache hadisi," akasema Tonton. "Ulikula kwake?"

Nikatoa kwanga, nikafungua majani, nikakata, nikala mbele yao. Kisha nikaiweka juu ya mkeka, katikati. Tonton Saleh alikohoa, akasema ana mtu wa kuonana naye sokoni, akavaa viatu. Shangazi wote wawili wakamtazama Mama.

Mama aliitazama ile kwanga. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nadhani alikuwa anasoma dua. Akaomba maji, akanawa mkono wa kulia, kidole kimoja baada ya kingine, kama anayeahirisha.

"Siku tatu," akasema hatimaye. "Mutoto ya miaka tisa."

"Siku tatu, Mama."

Akanitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima maji yule mtoto.

"Na wewe unamuwekea mukate yake chini, kwa mukeka?" akasema. "Lete sinia."