Sikio la Kitoto cha Tussa

Anngunn Hjelmeset alikuwa na sheria moja, na watu wote wa kando ya ghuba ile waliijua: kitoto cha mbwa hakitoki kwake kabla ya kutimiza wiki nane, hata aje nani. Aliwahi kumrudisha mchungaji wa kanisa mikono mitupu, kikapu cha kubebea kikiwa wazi mkononi. Kabla ya hapo, alisema, mbwa hajafundishwa na mama yake kung'ata kwa adabu. Lakini zikishatimia asicheleweshwe, maana ataizoea nyumba ya kwanza hadi ya pili aione kifungo. Kila mnunuzi alipewa kahawa, akapewa somo hilo, kisha akapewa kipande cha taulo lililotandikwa chini ya mama mbwa, ili mtoto alale na harufu ya kwao. "Usilifue," alisisitiza, na ole wake aliyelifua.

Sasa ilikuwa Agosti, na kitoto cha mwisho cha Tussa, mbwa wake, kilikuwa kimefikisha wiki kumi na mbili, bado kinakojolea zulia la Anngunn.

Mwenye kukisubiri alikuwa mzee Arnfinn wa ng'ambo ya ghuba, mgane aliyemzika mbwa wake wakati wa Pasaka. Alipopiga simu mara ya kwanza, Anngunn alisema kitoto kinaharisha. Mara ya pili akasingizia upepo, eti kivuko hakitavuka. Mara ya tatu akazua ugonjwa wa sikio, na alipoweka simu chini akajiona mjinga, kwa sababu uongo ulikuwa haumkai vizuri.

Siku hizo hakuweza kutulia. Alifagia jikoni palipokwisha kufagiliwa. Alivaa sweta lake la kazi, akashuka zizini kuwatazama kondoo, na alipofika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba kondoo wote wako mlimani mpaka Septemba. Mume wake alikuwa kazini kwenye mtambo wa mafuta baharini. Na Vårin, binti yao wa pekee, alikuwa anafunga mizigo. Shule ya sekondari iko mjini, na huku kwao mtoto akishatimiza miaka kumi na sita huenda kupanga chumba huko na kujipikia mwenyewe. Anngunn naye alikwenda hivyo hivyo, tena akiimba. Hakumbuki kama mama yake alisimama gatini.

Arnfinn alipopiga tena, simu ilipokewa na Vårin.

"Mama, mzee Arnfinn anaulizia sikio."

"Mwambie bado."

"Sikio lipi?" Msichana akafunika simu kwa kiganja. "La kushoto au la kulia?"

Anngunn akaanza kupangusa meza. Vårin akamtazama kidogo, kisha akarudi kwenye simu. "Limepona, mzee. Jumapili nakuja na kivuko nikienda shule, nitakuletea mwenyewe."

"Siku hizi unanipangia mambo yangu?" Anngunn alisema simu ilipokatika.

"Angefanya hivi mtu mwingine ungemtafuna mzima."

"Hujui mambo ya mbwa wewe."

"Nimefundishwa na nani? Ni nane, Mama, si kumi na mbili." Akamsogelea. "Na mimi je, Jumapili utawaambia shuleni naumwa sikio?"

Anngunn akacheka, kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio, na kitambaa cha kupangusia meza kikapata kazi nyingine. "Naogopa nyumba ikinyamaza," akasema. "Ndiyo hivyo tu. Naogopa."

Vårin akakiokota kitoto, akampakatisha mama yake.

Jumapili gatini Anngunn alizungumza bila kupumua: nguo nyeupe zifuliwe peke yake, samaki aliwe siku ile ile, dirisha lifunguliwe. Akamkabidhi kitoto na kipande cha taulo cha kumpa Arnfinn, akaanza kurudia habari za samaki. Vårin akasema amesahau chaja, akakimbia nyumbani, akarudi anahema, begi limetuna. Kivuko kikaondoka. Tussa alinusa lami ya gati, akageuka kurudi nyumbani, akimwacha Anngunn amesimama.

Jioni mvua ilishuka. Anngunn alitaka kumpeleka Tussa nje, akanyoosha mkono kwenye msumari wa mlangoni. Sweta halikuwepo. Akatafuta jikoni, zizini, chini ya vitanda, ndani ya mashine ya kufulia, akilalamika peke yake kwa sauti kubwa. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya sofa simu ilipolia.

"Mzee Arnfinn amelia," Vårin akasema. "Amejidai ni upepo."

"Na wewe umefika salama?"

"Nimefika. Chumba kinanuka rangi mpya." Akashusha sauti. "Mama, usitafute sweta."

Anngunn akakaa sakafuni, mgongo kwenye sofa.

"Lile linanuka kondoo," akasema hatimaye.

"Najua. Nimelitandika kwenye mto."

Tussa akaja kujilaza miguuni pake. Anngunn akapangusa uso kwa kiganja.

"Basi usilifue," akasema.